Bibi na Bwana Hawakai Kwenye Kila Karatasi

Hapa Tlawi, wilayani Mbulu, barua hutazamwa kwanza, kusomwa baadaye. Mzee akiletewa karatasi na mjukuu wake, jicho lake linakwenda juu katikati, pale wanaposimama Bibi na Bwana. Akiwaona, anakaa vizuri kwenye kiti na kusema, "Haya, nisomee, serikali inasemaje?" Asipowaona anauliza, "Hii imetoka kwa nani?" Wapo wazee na akina mama wengi katika kata yetu ambao hawakupata kukaa darasani, na wengine Kiiraqw ndicho wanachokimudu kuliko Kiswahili, lakini sijamwona hata mmoja asiyeitambua Nembo ya Taifa.

Ninaendesha duka la steshenari karibu na ofisi ya kata. Ninachapa barua, ninatoa kopi, ninalamineti vyeti, ninaskani nyaraka za vijana wanaoomba mkopo wa chuo. Hakuna picha ninayoombwa mara nyingi kama Nembo. Kamati ya harusi inaitaka kwenye kadi za mchango. Mwenye mashindano ya mpira wa miguu anaitaka kwenye cheti cha mfungaji bora. Mwalimu wa tuisheni anaitaka kwenye tangazo lake. Wote ni watu wema na sababu yao ni ile ile: "Dada, niwekee Bibi na Bwana hapo juu, iwe na uzito." Nami huwajibu kwamba hapana. Wakiuliza kwa nini, foleni ya kopi hainiruhusu kueleza yote, na jambo lenyewe si la kujibiwa kwa neno moja. Kwa hiyo nalieleza hapa.

Kwanza tuitazame yenyewe, maana wengi tunaiona kila siku bila kuiangalia. Nikiikuza kwenye kompyuta mpaka ijae kioo chote, naona ngao ya Kiafrika iliyosimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Sehemu ya juu ya ngao ni ya dhahabu, rangi inayosimamia madini yetu, na ndani yake unawaka Mwenge wa Uhuru, ule ambao Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha kileleni usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Inafuata bendera ya Taifa, yaani kijani, dhahabu, nyeusi na buluu, iliyoanza kutumika mwaka 1964 baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Chini ya bendera kuna wekundu wa ardhi yenye rutuba, na hapo shoka na jembe vimepishana. Chini kabisa ni mawimbi ya buluu na meupe, yaani bahari, maziwa na fukwe zetu. Tlawi tuna ziwa letu dogo, na watoto wakija dukani napenda kuwaambia kwamba nalo limo mle kwenye mawimbi. Mkuki umesimama wima, silaha ya kulinda uhuru. Kulia na kushoto kuna pembe mbili za ndovu, moja imeshikwa na mwanamume, nyingine na mwanamke. Miguuni pa mwanamume kuna mkarafuu, miguuni pa mwanamke kuna mpamba. Chini kuna utepe wenye maneno Uhuru na Umoja.

Nimeyataja yote kwa makusudi, kwa sababu ulinzi wa Nembo unaanzia hapo: kila kitu kina mahali pake. Mchoraji hana ruhusa ya kuongeza nyota kwa sababu imempendeza, wala kumvisha yule mama gauni la kisasa, wala kuacha mkuki kwa sababu nafasi ni finyu. Watoto wa shule wakiichora kwenye daftari, mara nyingi huweka nyundo badala ya shoka. Chanzo chake kinajulikana. Bendera ya CCM ina jembe na nyundo, na watoto wanaiona kila siku, hivyo mkono unafuata macho. Kosa la mtoto husahihishwa kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo mwalimu anapaswa kuieleza tofauti hiyo kwa uzito wake wote, kwa kuwa moja ni alama ya chama na nyingine ni ya Jamhuri, ambayo ni ya mwenye chama hiki, mwenye chama kile na asiye na chama chochote.

Sheria inayosimamia mambo haya ipo tangu mwaka 1971. Ni Sheria ya Nembo za Taifa, Sura ya 10 ya sheria zetu. Kiini chake hakihitaji mwanasheria: alama hizi ni mali ya Jamhuri, na anayetaka kuzitumia kwenye biashara au shughuli zake binafsi sharti awe na kibali cha Serikali. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inaongeza ukuta wa pili. Ukipeleka BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, alama ya bidhaa yako iliyobeba ngao ya Taifa ili usajiliwe wewe kuwa mwenye alama hiyo, hutasajiliwa.

Wala si Tanzania peke yake. Wakenya wana sheria yao inayolinda bendera, nembo na majina ya kitaifa, Sura ya 99, nayo pia haimruhusu mfanyabiashara kuweka wale simba wawili na neno Harambee kwenye tangazo lake bila kibali. Mataifa yenyewe yanalindana. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 kuhusu mali za viwandani uliongezewa kifungu mwaka 1925 kinachozuia nchi mwanachama kusajili nembo ya nchi nyingine kuwa alama ya biashara. Kwa hiyo kiwanda cha mbali hakiwezi kujichukulia Bibi na Bwana wetu na kuwafanya alama yake, kama ambavyo sisi hatuwezi kumchukua korongo wa Uganda.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Uswisi. Sheria yao iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017 imetenganisha vitu viwili. Msalaba mweupe wa bendera yao mfanyabiashara anaruhusiwa kuuweka kwenye bidhaa iliyotengenezwa Uswisi kweli kweli, iwe jibini au saa. Lakini msalaba huo huo ukiwekwa ndani ya ngao unakuwa nembo ya dola, na hiyo imebaki kwa serikali yao. Mtu anaweza kuona ni mchezo wa mistari, lakini mimi naona busara kubwa. Bendera inasema kitu au mtu ametoka wapi. Nembo inasema nani anazungumza.

Na hapo ndipo kata kama yetu inapoguswa, kuliko hata miji mikubwa. Jioni moja, wakati nafunga duka, aliingia kijana nisiyemfahamu, amevaa vizuri, ana lugha nzuri. Alikuwa na maandishi kwenye simu yake, tangazo la kuwataka wenye mashamba kando ya barabara wachangie ada ya kupimiwa ili wapate hati za kimila. Alitaka niliandike upya: Nembo juu, chini yake JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA kwa herufi kubwa, kisha Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kisha jina la halmashauri, na upande wa kushoto nafasi ya "Kumb. Na." Mpangilio aliujua wote, mpaka umbali wa mistari. Nikamwuliza anatoka ofisi gani. Akasema yeye ni wakala. Nikamwomba barua ya utambulisho kutoka halmashauri, yenye sahihi na muhuri. Akasema ataileta kesho. Hiyo kesho haikufika, na asubuhi nilikwenda kwa mtendaji wa kata nikamweleza yote, pamoja na sura ya mtu mwenyewe.

Tufikirie karatasi ile ingetoka kwenye printa yangu. Hati ya hakimiliki ya kimila ni kitu halali na cha maana sana. Inatolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na kwenye miinuko hii ya Mbulu, ambako shamba la familia linaweza kuwa vipande viwili vitatu kwenye mteremko, mtu anauza mbuzi bila kusita ili ardhi ya watoto wake iandikwe. Mama aliyeona Bibi na Bwana juu ya tangazo hatauliza maswali. Atafungua kitambaa alichofungia hela za maharage. Siku akigundua, hela zimekwenda, na kibaya zaidi, mwaka ujao halmashauri ikileta barua ya kweli hataiamini. Kanuni ya Adhabu inashughulika na mtu anayeghushi nyaraka na anayejifanya mtumishi wa umma, lakini kesi huja baada ya mbuzi kuuzwa. Kwenye duka la steshenari uhalifu huo unaweza kuzuiwa kabla haujazaliwa.

Nilimsimulia Aako mmoja, yaani mzee, jirani yangu, mfugaji wa siku nyingi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: ng'ombe mwenye chapa ya boma lako akionekana kwenye zizi la mtu mwingine, hakuna anayeuliza kama chapa ni nzuri. Wanauliza amefikaje pale. Tangu siku hiyo wateja wakinibana huwa natumia maneno yake, na wananielewa haraka kuliko nikitaja Sura ya 10.

Kukataa peke yake hakutoshi, lazima umwonyeshe mtu njia. Kuna kikundi cha akina mama wanaolima na kusaga vitunguu saumu, zao ambalo Mbulu inasifika kwalo. Walikuwa wanajiandaa kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katibu wao alitaka Nembo iwe juu ya katiba ya kikundi na pia kwenye lebo za vikopo. Hoja yake ilikuwa kwamba kikundi kimesajiliwa na serikali, kwa hiyo ni cha serikali. Hoja hii naisikia sana na inastahili jibu la heshima. Kusajiliwa na serikali maana yake serikali inakutambua, haina maana kwamba inasema kwa kinywa chako. Kampuni, SACCOS, shule binafsi, kanisa, msikiti, chama cha ushirika, vyote vimesajiliwa na hakuna hata kimoja ambacho kauli yake ni kauli ya Jamhuri. Lebo yenye Nembo ingemwambia mnunuzi wa Arusha au Babati kwamba serikali ndiyo inayouza kitunguu saumu kile na ndiyo inayokidhamini. Kwa udhamini wa ubora ipo alama ya Shirika la Viwango, TBS, nayo haibandikwi mpaka upewe leseni.

Nikawaambia, nyie mna alama zenu nzuri, kwa nini mwazime? Mmoja wao akarudi na sketi ya ngozi ya bibi yake, ile inayoshonwa shanga kwa miezi na kuvaliwa kwenye shughuli kubwa. Tuliitandaza juu ya meza ya kopi. Shanga nyeupe, nyekundu na buluu zimepangwa kwa miduara, uzi umekazwa kwa mkono mpaka ngozi imejikunja kidogo pembeni. Tukaupiga picha mduara mmoja, tukaifuata mistari yake kwenye kompyuta, katikati tukaweka kitunguu saumu kilichopasuka punje. Hiyo ndiyo lebo yao. Ni yao, wanaweza kuipeleka BRELA isajiliwe kwa jina lao, na mtu akiwaibia wana pa kushtaki. Katiba yao nayo ina alama hiyo juu, na sioni imepungukiwa uzito wowote.

Upande wa pili wa jambo hili ni ofisi za umma zenyewe, ambazo zina haki ya kutumia Nembo lakini mara nyingine haziitunzi. Nimeona mabango ya barabarani ambayo fundi amechora kwa kukumbuka tu. Mwenge umekuwa kama ua, mawimbi yamenyooka kama barabara, na pembe za ndovu zimegeuka matawi. Nimeletewa barua ambazo Nembo yake imetolewa kwenye picha ndogo ya WhatsApp, ikavutwa ikawa pana, Bibi na Bwana wakanenepa na maneno kwenye utepe hayasomeki. Huu si ukali wa mtu wa kompyuta. Ikiwa barua ya kweli ina Nembo iliyofifia na kupinda, mwananchi atatumia nini kuitofautisha na ya kughushi? Serikali ina Idara ya Mpigachapa Mkuu, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na hiyo ndiyo yenye kazi ya kuchapa nyaraka za Serikali. Nembo sahihi, rangi sahihi na bendera yenye vipimo sahihi viombwe huko. Kuitafuta Nembo kwenye mtandao na kuchukua ya kwanza iliyotokea si njia ya ofisi ya umma.

Bendera pia inahitaji jicho hilo hilo. Upepo wa huku juu ni mkali, na kitambaa chepesi huanza kuchanika ncha mapema. Bendera hupanda saa 12 asubuhi na kushuka saa 12 jioni, na mwezi Machi 2024, baada ya Mzee Ali Hassan Mwinyi kufariki, ilipepea nusu mlingoti kwa siku 7 za maombolezo. Kipindi kile watu walipita ofisini wakitazama juu, na hata asiye na redio alijua nchi imefiwa. Kitambaa kinachoweza kutangaza msiba wa Taifa hakipaswi kuachwa kwenye mlingoti kikiwa kimepauka rangi.

Kuna jambo linaloniuma kila ninapoikuza Nembo kwenye kioo, nalo ni la mchoraji. Mwezi Mei 2017 vyombo vya habari vilimwonyesha mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu Mzee Ngosha, akiishi maisha ya dhiki Buguruni, Dar es Salaam. Alieleza kwamba yeye alishiriki kuichora Nembo hii enzi za uhuru. Alipelekwa Muhimbili kutibiwa na akafariki mwezi huo huo. Wapo watu wengine waliosema nao waliichora au walishiriki, na mjadala huo haujaisha. Mimi simhukumu mtu. Ninachokiona ni kwamba sheria imeilinda ngao, pembe, mkarafuu na mpamba, lakini jina la mkono uliovichora halikuandikwa mahali ambapo mwananchi wa kawaida angelisoma. Taifa linalojali alama zake liandike na historia ya alama hizo, na liiandike wakati wenye kumbukumbu wangali hai.

Kwa msomaji wa kawaida, nikishakuambia yote haya, utataka kujua ufanye nini barua yenye Nembo ikifika mlangoni. Usiishie kwenye Nembo. Tazama kumbukumbu namba, tarehe, jina na cheo cha aliyesaini, na muhuri wa ofisi, kisha uliza kama muhuri unalingana na ofisi iliyotajwa juu. Ikikutaka ulipe, kataa kulipa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Malipo ya Serikali yana kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita control number, na risiti yake. Kama imekuelekeza kwenye tovuti, anwani ya ofisi ya umma huishia na .go.tz. Ukiwa bado na shaka, ipeleke kwa mtendaji kabla hujatoa hata shilingi. Hakuna mtumishi mwaminifu atakayekasirika kwa kuulizwa.

Na kwa wenzangu wenye steshenari, kuanzia Daudi na Dongobesh hadi Haydom na Katesh, najua hali ilivyo. Mteja ni mmoja, kodi ya chumba inasubiri, na ukimkataa atakwenda kwa jirani. Tukikataa wote hatakuwa na jirani wa kumwendea. Tunachokosa ni kitu cha kumwonyesha. Mteja akisema "wewe unanibania tu," sina karatasi ya kumnyooshea. Sheria ya Nembo niliisoma kwa Kiingereza, na Kiingereza cha sheria si cha kila mtu. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu. Basi naomba kwa heshima kubwa, vifungu vya Sura ya 10 vinavyomhusu mwananchi viandikwe kwa Kiswahili chepesi: nani anaruhusiwa kutumia Nembo, nani haruhusiwi, kibali kinaombwa wapi, na adhabu ni ipi. Pembeni iwekwe Nembo sahihi, kubwa, yenye rangi zake zote, ili fundi wa mabango apate pa kuangalizia. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya kata. Karatasi moja ya A3 inatosha. Kwa kata yetu na za jirani nitazilamineti bure, mradi maandishi yatoke kwa mwenye mamlaka, yakiwa na sahihi na muhuri wake.